Posho na Mbegu Nilizozisaga
Iko siku moja naikumbuka kwa aibu, mwanangu: siku niliyobeba mbegu za mama yangu nikazipeleka kwenye mashine ya kusaga. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na tisa, mwenye kichwa kigumu, tena mtoto wa kambi ya wafanyakazi wa kiwanda cha shaba hapa Shituru. Usicheke kwanza.

Sisi watoto wa kambi tulikulia kwenye posho. Kila wiki kampuni ilimpa baba unga, maharage, samaki wakavu na mafuta, kwa kadiri ya watoto aliokuwa nao. Jembe tuliliona kitu cha watu wa vijijini. Basi ilipofika miaka ile ya tisini, kazi kiwandani ikafa, posho ikakatika, baba akaenda mbali kutafuta kibarua, na mimi nilikaa barazani nikingoja irudi. Mama hakungoja. Aliuza vitenge vyake viwili vya kutokea, akaenda hadi vijiji vya upande wa Kambove, akarudi na ndoo ya mbegu za mahindi. Kisha akawa anatoka alfajiri kwenda kulima kando ya mlima, maana wadogo zangu wanne walikuwa wakimtazama yeye tu.

Asubuhi moja njaa ilituuma. Nikayaona mahindi kwenye ndoo. Nikajiambia, posho itarudi wiki ijayo, kuna haja gani ya kufukia chakula ardhini? Nikasaga yote. Mama aliporudi alikuta bukari, huo ugali wetu, uko mezani. Akaitazama ndoo, akaketi chini. Mvua zilikuwa zimebakiza siku chache, na tusipopanda, mwaka mzima tungekula nini?

Jirani yetu Papa Mwansa akasikia. Alikuwa dereva mstaafu wa malori, alishafika Kigoma, Mombasa, Kampala, na sijaona mtu aliyependa kuchunguza maneno yalikotoka kama yeye. Akaniita.

"Weye mutoto, posho ni nini?"

"Ni chakula ya kampuni, papa."

"Hapana. Kampuni ilikuta ile neno mu njia."

Akanieleza polepole. Zamani, misafara ya pwani ilipokuja bara kutafuta pembe na shaba, kila mpagazi alipimiwa nafaka yake ya siku, na kipimo hicho ndicho kiliitwa posho. Mwenye mzigo kichwani alikula ili afike. Neno likatembea na wapagazi, likabaki kila walipolala. Tanzania alikuta makarani wanaita hivyo pesa ya mtu aliyetumwa safari. Kenya, hata mashine ya kusaga huitwa ya posho. Kampala aliagiza posho mkahawani, akaletewa bukari kwenye sahani, akacheka peke yake hadi watu wakamgeukia. Nilimsikiliza mdomo wazi. Mzee aliyeishia darasa la nne alikuwa ananifundisha kuliko walimu wangu wote.

"Fasi yote nilipita, kila pahali," akasema, "posho ni ya mutu mwenye kutembea. Weye uko unaikala tu ku baraza. Unaenda wapi?"

Nililia, sikufichi. Akaingia ndani, akatoka na beseni la mbegu zake, akanipimia nusu. "Kesho asubuhi, weye na mama yako, ku shamba."

Tulimaliza kupanda siku mbili kabla ya mvua, mikono yangu ikiwa malengelenge matupu. Mwezi wa tatu tukachoma mahindi mabichi, wadogo zangu wakashiba. Nikachukua ya kwanza nimpelekee mzee shambani kwake, na huko ndiko nilikokoma. Nusu ya shamba lake ilikuwa majani, haikupandwa kitu. Alikuwa amepunguza chakula cha nyumba yake ili sisi tuufikie mwaka mwingine, na miezi yote ile hakulitaja hata mara moja.

Mwanangu, neno unalolitumia kila siku liulizie lilikotoka, maana limetembea kuliko wewe, na wazee wanaolijua hawatakaa milele. Usikae ukingoja kupimiwa. Na mtu akikupimia, kabla hujala, uliza yeye amebaki na nini. Mimi nilijua kwa kuchelewa.

Mungu aibariki mikono yako. Akupe jirani kama Papa Mwansa, na siku mwenzako atakapokosa, akupe moyo wa kumpa na kunyamaza.