Vua Vyote Viwili

Mama huyu mgeni alisomea kwao, nchi ya nje, utabibu wa nyayo miaka minne. Hapa zahanati ilimpa aproni, mkasi na jina la utani: Fundi Kucha. Cheti chake nilikuwa nacho mimi masjala, kina mihuri sita, lakini baraza la usajili likasema lazima limwone kwa macho akifanya kazi. Asipopita, kibali chake cha kuishi nchini kinaisha Ijumaa, arudi kwao yeye na binti yake.

Alikuwa na kasoro moja. Ukija na mguu mmoja unaouma, anakuvua viatu vyote viwili. Foleni ilifika getini.

"Dada, mtu kaleta mguu mmoja, huo wa pili unautakia nini?" mganga mkuu alimwuliza.

"Unaouma umeshajisemea, Mkuu. Nauangalia ulionyamaza."

Tulicheka, nami nikiwamo.

Siku ya mtihani mwenyekiti wa baraza aliingia ametanguliza tumbo, akatangaza kwamba mgonjwa atakuwa yeye mwenyewe. Akavua kiatu cha kulia, akaonyesha sugu kwenye kidole.

"Na hicho kingine, mzee wangu."

"Huku hakuna kitu."

"Vua tu, baba."

"Mama, mimi ndiye ninayekupima."

"Ndiyo, baba. Pima huku umevua."

Mganga mkuu alimkonyeza anyamaze. Mama wa watu alikuwa amepiga magoti sakafuni, ametulia kama mgeni aliyekuja na chakula chake.

Mzee alivua kiatu huku akinung'unika. Soksi ilikuwa na tundu, kidole gumba kinachungulia kama jirani mmbeya, nikadhani aibu yake ni hiyo tu. Lakini soksi yenyewe ilikataa kutoka. Ilikuwa imebanwa kisiginoni na pini ya bluu, zile za kubandikia matangazo kwenye ubao wa baraza, wanapotundika majina ya waliofeli. Pini ilikuwa imezama nyamani hadi kwenye kichwa chake, usaha umeizunguka.

"Hii imeanza kukuuma lini?"

"Ipi?" mzee akauliza.

Hakuna aliyecheka. Mama alimchomoa pini, akamsafisha, akamfunga bandeji, akamwandikia kipimo cha sukari. Mzee alisaini usajili pale pale. Kwenye maoni akaandika: "Anafaa, ila huamrisha wakubwa."

Siku hizi mzee huja kila Jumatatu, na hukaa benchini viatu vyote viwili vikiwa mapajani kabla hajaitwa. Mganga mkuu naye ameweka tangazo mlangoni: kila mgonjwa avue viatu vyote viwili, huu ni utaratibu wangu. Chini kaweka sahihi yake. Amelibandika kwa gundi.