Mzee wangu alipopata stroke alibaki na namba tu, na sisi tukadhani anaomba wimbo

Wakuu, heshima kwenu wote. Hili jambo nimelikalia tangu tumalize msiba na leo nimeamua kulitua hapa. Sijatia chumvi hata punje, asiyeamini apite tu kwa amani.

Kwetu ni Suji, huku juu milimani Same. Mzee alikuwa mwinjilisti wa usharika. Shule aliishia la saba, lakini Biblia aliisoma kwa namba.

Kwa wasiojua: kila neno la Kiebrania na la Kigiriki kwenye Biblia limepewa namba yake. Za Kiebrania zinatanguliwa na H, za Kigiriki na G. Lugha yenyewe huijui, ila ukiwa na namba unafungua orodha unapata maana. Siku hizi ipo app, mzee yeye alinakili zote kwenye madaftari.

Kila jioni mama anachambua maharage, daftari liko mapajani. Mzee anataja namba na maana yake, akikosea mama anamsahihisha. Miaka nenda rudi.

Mimi nilishika moja tu, H1, yaani baba. Zilizobaki zilinishinda, akili yangu ilikuwa kwenye mpira.

Mwaka jana stroke ikampiga. Upande wa kulia ukafa, na maneno yakapotea yote. Daktari akatuambia wengine hubaki na namba, tusishangae.

Jioni ya kwanza nyumbani akafumbua macho, akasema, "Mbili. Tano. Moja."

Tukatazamana. Mama akasema, "Anataka wimbo." Akaleta kitabu cha nyimbo, akafungua wa 251, tukaimba.

Mzee machozi yakamtoka, akawa anapiga kitanda kwa ule mkono mzima. Sisi tukasema kaguswa. Basi ikawa ndiyo ibada yetu, kila jioni 251, na kila jioni analia. Nikikumbuka jinsi nilivyokuwa nakaza sauti ya besi pale naona aibu.

Baada ya wiki akaongeza, "Tisa. Tano. Tatu."

Nikamwambia mama kitabu chetu hakifiki huko. Akajibu, "Amechanganyikiwa tu. Imbeni ule ule."

Siku moja mchana nikachukua Biblia yake nimsomee. Ikafunguka yenyewe kwenye habari za Yusufu na ndugu zake, ukurasa umechakaa kweli. Juu ya neno "ndugu" kaandika kwa penseli 251. Juu ya "shimo" kaandika 953.

Wakuu, hazikuwa namba za nyimbo.

Nikapakua app nikakaa naye. Alipoona nimeelewa akazitoa moja moja, taratibu, jasho linamtoka. 3680, kufunika. 6106, mfupa. 5927, kupandisha.

Sasa nirudi nyuma kidogo. Mzee alikuwa na mdogo wake, baba mdogo Eliamini. Kabla sijazaliwa walikuwa wakichimba jasi pamoja kule Makanya. Siku moja mzee akapanda mlima peke yake, akasema mwenzake kaenda Mererani kutafuta madini. Eliamini hakurudi. Bibi alimwekea sahani yake ya makande kila usiku mpaka anakufa.

Tukapita kwa mwenyekiti na polisi, tukashuka Makanya. Mchimbaji mmoja wa zamani akatuonyesha lililokuwa shimo lao, limefukiwa siku nyingi.

Tukachimba. Mifupa ilikuwepo. Na kikombe cha bati, jina la Eliamini limekwaruzwa kwa msumari.

Tukampandisha Suji, tukamzika kando ya bibi. Jioni ile nikakaa kitandani kwa mzee, nikashindwa kujizuia. "Baba, udongo ulimwangukia? Au?"

Akaniangalia. Kisha akataja namba. Tarakimu nne, hata hakusita.

Nikatoa simu. Kabla sijabonyeza, mkono wa mama ukafunika kioo. Sikujua kama alikuwa nyuma yangu.

"Inatosha, mwanangu."

"Kwani ni neno gani, mama?"

"Nenda kaangalie ng'ombe wana majani."

Nikaenda. Nikiwa zizini ndipo nikaona kitu ambacho kimeninyima raha mpaka leo. Mama hakuwa na haja ya simu. Lile daftari lilikuwa mapajani pake miaka yote. Na siku ya kwanza, mzee aliposema 251, kitabu cha nyimbo alikileta yeye.

Mzee alifariki wiki hiyohiyo, hakutaja namba nyingine.

Nilichojifunza: waulizeni wazee wenu wangali na maneno. Mkisubiri, mtapewa namba, na aliye karibu naye anayejua maana anaweza kuamua mwimbe.

App nimeifuta. Ile namba ya mwisho ninayo kichwani, haitoki. Siiandiki hapa, kwa sababu humu wapo wanaozijua kwa moyo na sitaki kuamka nikute mtu kanijibu.

Nyie mngekuwa mimi, mngemuuliza mama? Niambieni ukweli, matusi pia napokea.

Nimeandika hii nikiwa barazani. Yeye yuko jikoni anachambua maharage, na anaimba 251 peke yake.