Kalamu za Kuegeshea Baiskeli

Kuna watu wa mtaa wa Dallas, hapa Embu, ambao mpaka leo wakiniona nikipita huniuliza chakula kitaiva saa ngapi, nami nacheka nao kwa sababu sina pa kujificha, na ni afadhali niwasimulie aibu yangu mwenyewe kabla hamjasimuliwa na wao, maana wao huongeza chumvi.

Mimi ni mwandishi wa riwaya (riwaya moja, na hiyo moja bado haijaisha), na mwaka ule nilikuwa katibu wa kamati ya mtaa, cheo nilichopewa kwa sababu ni mimi peke yangu niliyefika mkutanoni na daftari. Tulikuwa tumefungua maktaba ndogo, chumba kimoja chenye madirisha mawili, na shida yetu ilikuwa baiskeli: wasomaji walikuja nazo, wauza maziwa walikuja nazo, wote wakazifunga kwa minyororo kwenye nondo za madirisha, mpaka ndani kukawa giza saa nne za asubuhi. Kamati ikakubaliana tuweke vyuma vya kuegeshea. Hapo nikasimama, nikasema mtaa wenye maktaba hauwezi kuegesha baiskeli kwenye mabomba yaliyopindwa kama ya zizi la ng'ombe, tutafute msanii, atutengenezee kitu ambacho mtu akikiona miguu yake itasahau safari. Nilisema kwa dakika kumi hivi, nikataja ukungu, nikataja mlima. Mama Wawira, mwenyekiti wetu, muuguzi mstaafu asiye na muda wa ukungu, alinisikiliza mpaka mwisho.

"Sawa, Makena," akasema. "Tafuta huyo msanii wako. Lakini yule wa kuosha magari ananiomba hicho kiwanja cha mbele ya maktaba tangu mwezi jana. Jumamosi ya ufunguzi nikikuta hivyo vyuma havishiki baiskeli, ama vinatuaibisha, Jumatatu nampatia yeye."

Msanii nilikuwa naye tayari. Fundi Njiru alichomelea milango na mageti siku za kazi, na siku za mapumziko alitengeneza korongo na swala kwa vyuma chakavu, wazuri mno, wakasimama nyuma ya karakana wakiota kutu kwa sababu hakuna aliyewahi kumwagiza hata mmoja. Hii ingekuwa kazi yake ya kwanza kusimama mahali watu wanapita. Alipokubali alinishika mkono muda mrefu kidogo, nikajua imemfika.

Wazo langu lilikuwa kalamu. Kalamu ndefu za chuma zilizosimama kwa mstari kama migomba, na gurudumu la baiskeli likiingia katikati ya kalamu na kalamu. Ningemwandikia Njiru hayo na mkasa huu usingekuwepo. Lakini nilikuwa natoka sokoni, mkono mmoja una mkungu wa ndizi, mwingine una simu, nikaona uvivu wa kuandika kwa kidole kimoja. Nikabonyeza, nikamtumia ujumbe wa sauti.

Sasa lazima niwaeleze habari za ulimi wangu. Mimi ni mzaliwa wa Githongo, kule Meru, na katika Kimeru cha nyumbani kwetu l haina kiti, r ndiyo hukaa kila mahali. Nimehangaika miaka mingi kuifukuza. Katika mikutano yetu ya waandishi mimi ndiye huwasahihisha wenzangu (ndiyo, ni mimi huyo mtu), na nikisema polepole nasema sawasawa kabisa. Ila nikichangamka, nikilipenda neno, ulimi hurudi Githongo bila kuniaga.

"Fundi," nikasema, "nataka kalamu. Kubwa, ya chuma, baiskeli ziingie katikati."

Ujumbe wake ukarudi mara moja. "Nimekupata, madam. Iwe ya kisasa ama ya kienyeji?"

Nikaiona kalamu ya zamani, ile ya kuchovya. "Ya kienyeji kabisa, ile ya babu zetu."

"Iwe imejaa?"

"Ijae mpaka imwagike." (Nilikuwa nawaza wino.)

"Na moto je, niweke?"

Hapa mtu mwenye akili angetua ndizi chini na kuuliza, moto wa nini? Mimi nikajisemea, tazama msanii alivyo, ameelewa bila kuambiwa kwamba uandishi ni moto. Nikamjibu, "Weka moto, fundi. Bila moto ni bure." Na alipotaka kunionyesha mchoro nikakataa, nikamwambia nataka nishtuke pamoja na watu.

Kwa mdomo huohuo nikatuma mwaliko wa sauti kwenye kikundi cha simu cha mtaa: Jumamosi saa nne, mbele ya maktaba, uzinduzi wa kalamu, mje na watoto.

Jumamosi nilipofika sikuamini macho yangu. Nilitarajia watu ishirini, nao walijaa kiwanja, wakapanda ukuta, wakasimama mpaka ng'ambo ya barabara, wametulia, wamenawa, nyuso zao zina matumaini ambayo sijawahi kuyaona kwa mtu anayengoja kuonyeshwa mahali pa kuegesha baiskeli. Machozi yalinilenga. Nilidhani sanaa imefika Dallas.

Mama Wawira akaniinamia. "Mbona wamebeba bakuli?"

"Labda wanapitia sokoni," nikasema.

"Wote?"

Lakini kipaza sauti kilikuwa kimeshawashwa na nilikuwa na hotuba. Vyuma vilikuwa chini ya turubai la buluu, na Njiru alisimama pembeni na shati lililopigwa pasi mpaka likakatika mikunjo, pamoja na mama yake aliyetoka Runyenjes asubuhi kuja kumwona.

"Ndugu zangu," nikaanza, "chini ya turubai hili kuna kitu nilichokipenda tangu utotoni. Haipiti siku bila mimi kukishika. Wengine hukishika kwa vidole viwili, wengine vitatu, na nikiwa na mawazo mengi mimi hukitafuna mwisho wake."

"Hata sisi," mzee mmoja aliyekuwa mbele akasema, na umati ukaitikia kwa moyo wote.

Nikavuta kamba.

Kilichosimama pale kilikuwa mbavu za mbuzi. Mbavu ndefu kuliko mimi, zimepinda vizuri, zimelala juu ya mti wa kuchomea, na chini yake ndimi za moto za bati jekundu. Upande wa kulia palikuwa na sufuria kubwa, na kutoka sufuria ile ilimwagika githeri, kila punje ya mahindi nati, kila punje ya maharagwe kichwa cha bolti, mamia kwa mamia, zikitiririka mpaka chini. Leo naweza kusema ilikuwa kazi ya kupendeza kuliko chochote nilichowahi kuandika. Siku ile niliona mbuzi tu.

Yule mzee akauliza kwa upole, "Na ile ya kula iko wapi?"

Aibu ilinipanda kichwani ikatafuta mtu wa kumwangukia, ikampata Njiru.

"Fundi, nilikuambia kalamu," nikasema, na kipaza sauti kiko mkononi.

"Na hii ni nini, madam?"

"Kalamu. Ya kuandikia. Ungesikiliza, fundi. Kiswahili si cha kubahatisha."

Niliyasema hayo mbele ya mama yake. Njiru alitoa simu mfukoni, akautafuta ujumbe wangu taratibu, akaja akaiweka simu kwenye kipaza sauti nilichokuwa nimekishika, na mtaa mzima ukasikia sauti yangu, tamu, imechangamka, ikipanda mlima na mkungu wa ndizi: *Fundi, nataka karamu. Kubwa, ya chuma.* Ikaendelea yote. Ya babu zetu. Ijae mpaka imwagike. Watu walicheka hadi wakashikana. Ilipofika kwenye moto hata mama yake Njiru alikuwa amejifunika uso kwa leso, mabega yanaruka.

"Nisamehe, fundi," nikasema. "Ulisikia vizuri. Ni mimi niliyesema vibaya." Na kwa kuwa nilikuwa nimemtukana kwa kipaza sauti, hilo pia nililisema kwa kipaza sauti.

Mama Wawira hakuwa amecheka. Alikuwa akikizunguka kile chuma, akikigonga kwa vidole kama anayepima mgonjwa. "Leteni baiskeli," akasema.

Muuza maziwa alisukuma yake na mitungi yake yote. Gurudumu likaingia kati ya ubavu na ubavu, likakaa, naye akaiachia. Ikasimama. Ikaja ya pili, ya tatu, mpaka mbavu zikajaa, na hakuna iliyoinama hata kidogo.

"Vinashika," Mama Wawira akasema. Akanitazama. "Na aibu ni yako, Makena, si ya vyuma. Vinabaki."

Njiru aliachia pumzi ambayo nadhani alikuwa ameibana tangu turubai lilipoanguka, na mama yake akapiga vigelegele.

"Sasa," Mama Wawira akaendelea, "hawa watu uliowaita karamu watakula nini? Huku mtu akiitwa kula harudi nyumbani na bakuli tupu."

Basi tukaingia majikoni, kila mtu kwake. Githeri ya jana ikatoka, mukimo wa viazi na mahindi ukapondwa, mkungu mwingine wa ndizi, nao wangu, ukaishia sufuriani, na mimi niliosha vyombo mpaka jua likaegemea upande wa pili, kwa mpira wa maji aliouleta yule wa kuosha magari, ambaye alikosa kiwanja lakini alikula mara mbili.

Nimeapa sitaagiza tena kitu cha chuma kwa mdomo. Nimeapa na lingine, na hilo lilijaribiwa mapema, maana katika mkutano wetu wa waandishi uliofuata kijana mmoja kutoka Chuka alisoma shairi lake, akafika mahali mvua ilikuwa "imerara juu ya mabati", na wote wakanigeukia wakingoja nimrekebishe kama kawaida yangu. Nikaiwaza ile mvua. Nikaona kweli imetulia pale juu, imechoka, haina haraka.

"Endelea," nikamwambia. "Imerara vizuri."