Mate Niliyoyapangusa

Kuna Jumamosi moja ambayo haijanitoka, mwanangu. Hujazaliwa, nami niko kidato cha tatu tu, hata kukuita hivyo kunanifanya nicheke peke yangu. Lakini kuna mambo siwezi kuyasema watu wakiniangalia, ndiyo maana nakuandikia wewe.

Nilikuwa nyumbani Kiritiri, likizo inaisha, natazama runinga na cucu, nyanya yangu mzaa baba. Ulikuwa mchezo uliotolewa kwenye riwaya ya enzi za mkoloni, ambayo nilikuwa nimeisoma mara mbili. Msichana wa kitabuni nilimpenda sana. Baba yake nilimchukia, kwa sababu siku msichana anaondoka kwenda shule ya misheni, anamtemea mate kifuani mbele ya watu. Kando ya ukurasa niliandika kwa penseli: mzee katili.

Kwenye runinga hakutema. Alimkumbatia tu, muziki ukapigwa.

"Afadhali hapa wamerekebisha," nikasema. "Kitabuni alimtemea mate."

Cucu akaweka chini ungo wa ndengu. "Kifuani?"

"Ndiyo, cucu."

"Sasa huyo ndiye baba, amembariki. Huyu wenu anaaga mtoto kama anaaga mgeni wa harusi." Akacheka kidogo. "Hata wewe nilikutemea. Ukajipangusa na sweta."

Ilikuwa kweli. Siku ya kwenda kidato cha kwanza alinitemea kidogo tu, karibu iwe pumzi, nami nikajipangusa mbele yake. Tangu hapo, kila shule ikifunguliwa, aliniaga kwa mkono. Nilidhani amepunguza kunipenda, na kwa haya zangu sikuwahi kuuliza. Kumbe yeye naye alidhani simtaki.

Jumatatu nilisimama mlangoni na sanduku langu. Maneno mawili yalinichukua muda mrefu kuliko mtihani.

"Cucu, nitemee."

"Na sweta?"

"Nimeivua."

Alinitemea kifuani, akataja jina langu lote, ambalo pia ni lake.

Mwanangu, soma riwaya za zamani, na zikiletwa kwenye runinga, zitazame pia, ufurahie nguo na nyimbo. Mimi namshukuru mwandishi aliyeyaacha yale mate, na hata hao wa runinga walioyaondoa nawashukuru, maana bila wao nisingefungua mdomo. Lakini ukikuta jambo la kukuchukiza, usimhukumu mtu kwa penseli kabla hujamuuliza aliyeishi hivyo. Hata ukiona haya, uliza hivyo hivyo.

Mungu akukuze, akupe vitabu na watu wa kukueleza. Na siku yako ya kutoka nyumbani, kama cucu hatakuwepo, nitakutemea mimi mwenyewe.