Ng'ombe wa Udongo

Wiki iliyopita tulimzika, kwao Endamarariek, mwalimu wa watoto wadogo aliyekuwa jirani yangu hapa Karatu kwa miaka mingi. Nilirudi kutoka mazishini na hasira, wasomaji wangu, na hadi leo haijaniisha.

Darasa lake la awali halikuanza na penseli. Muhula wa kwanza watoto walifinyanga ng'ombe kwa udongo mwekundu, wakachambua maharage, wakachora kwa vijiti uwanjani mikwaruzo ambayo kila mmoja alimweleza mwalimu maana yake. Vidole vikishapata nguvu, na mtoto akishajua kwamba alama inaweza kubeba neno lake, ndipo herufi zilipokuja, kubwa, zimepinda, nyingine zimegeuka. Wala hakuwa na haraka ya kuzisahihisha. Siku moja mzazi, dereva wa watalii, alimjia juu: "Mwalimu, wa jirani keshaandika jina lake, wangu ananiletea ng'ombe! Samaki mkunje angali mbichi." Akamjibu kwa upole, "Kumkunja sawa, mzazi wangu, ila tusimvunje. Huyo wa jirani analichora tu jina, bado hajaliandika." Dereva akamhamisha mtoto. Wengine wakafuata, uongozi wa shule ukaogopa, naye akaondolewa awali akapelekwa darasa la tatu. Huko aliwaambia watoto waandike walichofanya jana baada ya shule. Walikaa penseli mkononi wakitazama ubao, hadi msichana mwenye mwandiko mzuri kuliko wote akauliza, "Mwalimu, mbona hujatuandikia ubaoni?" Alinisimulia hayo tukipukuchua mahindi uani kwangu, akalia.

Msibani wanafunzi wake hao wa la tatu walileta kadi, kila mmoja na yake. Mama mzazi wa marehemu alifungua ya kwanza, akasoma kwa sauti: "Tulikupenda, lakini Mungu amekupenda zaidi." Ya pili ilisema hivyo hivyo. Ya tatu pia. Mwandiko safi, mistari imenyooka. Bibi huyo akaziweka zote mapajani, akauliza, "Kwani hakuna anayemkumbuka mwanangu?" Watoto walikuwa wamesimama pale pale wakibubujikwa na machozi. Mtoto huanza kuandika siku anapoaminiwa kwamba ana la kusema. Sisi tuliuharakisha mkono tukamnyamazisha mwenye mkono, na aliyejua namna ya kumrudishia sauti yake ndiye huyo tuliyemzika.