Mkono Uliogeuzwa

Kaka yangu alipomleta mchumba wake nyumbani, mlangoni lilitangulia dude la mbao lenye nyuzi nne, refu kuliko wote tuliokuwa sebuleni. Mama akasogeza kochi akidhani limeletwa kabati. Mimi nikasema moyoni, haya, kaka kapata mke na jeneza lake. Ndivyo nilivyomjua wifi yangu, mpiga besi. Leo ni mwaka wa kumi na tisa na bado namtania hivyohivyo.

Wakati huo alikuwa anapiga gitaa la besi kwenye bendi ya harusi, na lile dude, besi kubwa la kusimama, alikuwa amelitoa kwenye stoo ya shule likiwa limepasuka ubavu. Kwenye bendi walimfukuza. Maharusi walikuwa katikati ya ukumbi wanacheza, yeye akaona wimbo unajirudia mno, akauhamishia kwenye mapigo mengine. "Niliwapeleka mahali kidogo tu, wifi," aliniambia. Huko alikowapeleka, bwana harusi alimkanyaga mkewe kidole gumba. Tangu siku hiyo wifi ni mtu wa jazi. Ile jazi laini ya kusindikizia soda anaipiga hotelini kila Ijumaa, apate kula. Ya kwake mwenyewe anaipiga kwa upinde, kwa kiganja, na kwa vibanio vyangu vya nguo anavyovibana kwenye nyuzi. Nilimwambia mara ngapi atafute kazi ya maana! Sikio la kufa halisikii dawa.

Mimi ni fundi cherehani. Duka langu liko chini, wao wanakaa juu, kwa hiyo nyimbo zake zote nimezisikia kupitia dari. Mwaka jana akaanza kushuka kuniomba karatasi za kaki, zile ninazochorea vipimo vya nguo, maana daftari la noti za muziki lilikuwa halimtoshi. Anachora mistari mirefu inayopinda, inapanda sauti inapopanda na kushuka sauti inaposhuka, na pembeni anaandika idadi ya sekunde. Hata rula yangu ya kuchorea makwapa aliiazima, na kuirudisha ikawa shughuli.

Halafu siku moja akaingia dukani anarukaruka. "Wifi! Wamekubali! Chuo cha muziki wamenipa ukumbi, Jumamosi saa kumi jioni. Dakika arobaini, zangu zote!" Katika maisha yake yote hakuwahi kupewa jukwaa apige kazi yake tupu, mwanzo hadi mwisho. Tulishikana mikono tukaizunguka cherehani kama watoto, mteja mmoja akitushangaa na suruali yake mkononi. Karatasi zenyewe akazitundika kwangu, msumarini, karibu na zangu, kwa sababu kule juu wanawe wangezifanyia vishada.

Alhamisi ya wiki hiyohiyo akanijia nesi, mteja wangu wa siku nyingi. Anastaafu, sherehe ni kesho, gauni analitaka asubuhi. Haraka haraka haina baraka. Mimi ndiye ninayewaambia wateja hivyo. Mwili wa gauni nikaukata vizuri. Nilipofika kwenye mikono, nikanyoosha mkono msumarini bila kutazama sana. Nikaona mviringo wa bega, nikaona namba kumi na mbili na thelathini na nne, nikaona mshale, kama ule tunaoweka kuonyesha uzi wa kitambaa unakoelekea. Nikakata. Mabaki ya karatasi nikayafagia nikayatoa nje. Mikono ilitoka na mbwembwe kidogo, lakini nesi aliipenda mpaka akanikumbatia.

Ijumaa mchana wifi akashuka kuchukua karatasi zake. Akahesabu. Akahesabu tena.

"Wifi, ya mwisho iko wapi?"

Nikaangalia mezani. Karatasi ya mkono ilikuwa bado na pini zake, na kwenye ukingo, kwa penseli hafifu, palikuwa pameandikwa: *pumua*. Nguo gani inamwambia mtu apumue? Ningeweza kudanganya kwamba panya wameila. Lakini mficha maradhi kifo humuumbua.

"Nimeikata, wifi."

"Umekata nini?"

"Mwisho wako."

Akakaa kwenye benchi la wateja. Kumbe kwenye karatasi ile kulikuwa na mistari miwili: mmoja ni huu mkono, wa pili ulikuwa kwenye mabaki, na gari la taka lilikuwa limeshapita. Nikaanza kulia mimi niliyekosa, wakati yeye hata chozi hana.

"Si uuchore tena? Si unaukumbuka?"

"Huu mmoja naukumbuka. Ule wa pili ulikuwa unanikataa tangu mwanzo, hata mazoezini na wenzangu wawili tulikuwa tunauruka. Nilisema leo ndiyo nitaumaliza." Akashusha pumzi. "Nikiahirisha, ukumbi hawanipi tena."

Yeye akaokota ile karatasi, akauliza ili mradi kuuliza, "Na mkono wa pili wa gauni, ulitumia karatasi gani?"

"Hiyohiyo. Fundi gani anachora mikono miwili? Unachora mmoja, ukimaliza unageuza karatasi." Nikaigeuza pale mezani nikamwonyesha.

Ule ukingo uliokuwa unapanda polepole na kuanguka ghafla, sasa ulikuwa unapanda ghafla na kushuka polepole, mpaka pale ulipoanzia. Wifi akainama, pua karibu iguse meza.

"Geuza tena."

Nikageuza.

"Wifi, geuza tena!"

Mara akaninyang'anya, akapanda ngazi mbiombio, kiatu kimoja akakiacha. Dari likaanza kutetemeka. Nikasikia sauti inapanda, inakatika, inapumua, halafu inarudi kwa njia ya upande wa pili, na mimi nimeshika mkasi nimesahau kukata. "Wifiiii!" akapiga kelele kutoka juu. "Ndiyo yenyewe!"

Jumamosi nilikaa safu ya mbele na kaka, na nesi, niliyemwalika, pembeni yetu ndani ya gauni lake. Jukwaani walikuwa watatu: wifi, mpiga dramu na mpuliza tarumbeta. Sitasema nilielewa dakika zote arobaini. Lakini mwishoni, pale watu walipodhani imeisha na mmoja akaanza kupiga makofi, niliwaona wote watatu wananyoosha mikono na kugeuza karatasi. Nikamfinya nesi mkono wa gauni nikamnong'oneza, "Sasa!" Na besi likapanda ghafla, likaanza kushuka, polepole, polepole, mpaka nyumbani, na ukumbi mzima ukasimama. Mimi nilikuwa nimeshasimama zamani.

Jumatatu wifi alishuka dukani na karatasi mpya, kubwa, imejaa mistari. Nikamwonyesha msumari, mbali kabisa na karatasi zangu. Akakataa. Akaitandaza mezani, akanisogezea mkasi.

"Kata," akasema.

"Wapi?"

"Unapoona wewe."

Nimekata magauni ya maharusi bila kupepesa jicho. Siku ile niliufungua mkasi na kuufunga mara tatu kabla haujagusa karatasi.