Reli Nyekundu za Kibanda cha Papa

Harufu ya mbao ya msonobari inayokatwa kwa msumeno hunirudisha hadi leo kwenye roshani ya fleti yetu ya Umbilo, majira ya baridi nilipokuwa na umri wa miaka kumi na mmoja. Papa, ndivyo nilivyomwita baba yangu, aliyetoka Bukavu kabla sijazaliwa, alivua samaki kila Jumamosi ufukweni Bluff. Kwa kuwa upepo ulimwumiza kifua, alijitengenezea kibanda cha kuhamishika: beseni refu la plastiki ngumu lenye kamba ya kuvutia, na juu yake turubai la kukunja. Beseni lilikuwa limeanza kupata ufa chini. Mimi, niliyependa kupima kila kitu, nilikuwa nimeona katika kitabu cha maktaba ya shule picha ya wavuvi wa nchi za baridi wakivuta vibanda kama hicho juu ya ziwa lililoganda. Chini ya kila kimoja kulikuwa na reli mbili nyembamba za kutelezea. Nilizichora kwa rula, milimita kwa milimita.

Papa aliutazama mchoro kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia. "Mama," akasema, maana ndivyo alivyozoea kuniita, "hii iko kazi ya injinia kabisa."

Tulikata mbao mbili, tukazichonga ncha, tukazifunga kwa skrubu nane. Tulipolijaribu beseni kwenye korido ya saruji iliyong'arishwa, lilikwenda kwa msukumo wa kidole kimoja. Papa akapiga makofi. "Eish! Iko inakimbia kushinda taxi!" Ndipo nikazipaka reli rangi nyekundu, mara mbili.

Jumamosi nilikuwa na mazoezi ya kwaya, hivyo sikuwahi kufuatana naye. Lakini kila aliporudi jioni nililipindua beseni nikalikagua, kisha nikaandika katika daftari: rangi haijachubuka. Jumamosi iliyofuata: haijachubuka. Niliandika hivyo majira yote, nikahitimisha kwamba mchoro wangu haukuwa na kasoro. Ufa wa beseni uliendelea kurefuka, nao sikuuandika.

"Papa, inateleza?"

"Inateleza, mama. Watu wote kule wanauliza fundi ni nani."

Papa alifariki miezi miwili iliyopita. Siku ya tatu ya msiba alikuja Mzee Hamisi, Mtanzania aliyekuwa akivua kando yake. Alipoliona beseni roshanini, aliinama kulitazama chini.

"Kumbe zile reli bado zipo? Siku ya kwanza zilizama mchangani kama jembe, mwanangu. Hatua kumi tu, akakwama. Tukamtania sana: 'Baba Neema, barafu iko wapi?' Nikamwambia azitupe. Akakataa katakata, eti zimechorwa na injinia wake. Palipochubuka akapapaka rangi upya asubuhi ile ile. Tangu siku hiyo akawa anakuja na bisibisi mfukoni. Akifika anazifungua, akitaka kuondoka anazifunga tena."

Mgeni alipoondoka nililipindua beseni. Matundu yote manane yalikuwa yamelegea, yakajazwa njiti za kiberiti ili skrubu zishike.

Sasa ninasoma shahada ya uzamili chuoni Westville, na tangu msiba sijaandika ukurasa hata mmoja wa tasnifu yangu. Ninamwona amepiga magoti katika upepo ule ule uliomwumiza kifua, vidole vimekufa ganzi, skrubu nane, mara mbili kila Jumamosi. Najiuliza kama alinipa imani au alininyima kosa langu mwenyewe. Ninachojua ni kwamba siku hizi jedwali langu la vipimo likitoka safi mno, msimamizi wangu hulizungushia duara na kuniuliza kwa nini, na hakuna mtu aliyenitangulia na bisibisi.

Jumamosi iliyopita nililipeleka beseni Bluff, reli zikiwa zimefungwa. Nilivuta kamba. Katika hatua ya tisa likakwama. Nikalipindua, nikapapasa mbao kwa kidole, kisha nikalitoa lile daftari la zamani na kuandika chini ya mstari wa mwisho: rangi imechubuka.